Nilimfundisha mdogo wangu mwenye usonji kutopiga kelele, kisha nikampeleka Michenga kuamia ndege

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na rika langu mambo vipi.

Haya ninayoandika yamenitokea mimi mwenyewe, hapahapa Ifakara, na sijaongeza chumvi. Picha sina. Nilipiga, lakini zote shamba limelalia upande mmoja, na mimi siwezi kuweka hadharani picha iliyolala upande. Bora mniite mwongo.

Nijitambulishe kidogo. Ni dada wa miaka ishirini na sita, nakaa Lipangalala, nina kibanda cha stationery. Natoa kopi, na-laminate vyeti, natengeneza kadi za harusi. Hakuna chuo kilichonifundisha, nilijifunza kwa video za mtandaoni. Kama umewahi kualikwa harusi huku ukaona majina ya maharusi yamekaa katikati kabisa ya kadi, jua kuna mtu alikosa usingizi kwa ajili yako.

Ninamlea mdogo wangu, Ostaki, miaka kumi na tano. Mama alishafariki. Baba yupo Kisawasawa na familia yake nyingine, na huwa anatutumia salamu nyingi sana.

Ostaki ana usonji. Kwa wale ambao tayari mnaandika "karogwa huyo", futeni tu, hajarogwa. Kichwa chake kinafanya kazi kwa utaratibu wake. Anaongea maneno machache na yote anayamaanisha. Anapenda sheria ziwe wazi, vitu vikae mahali pake, na ratiba isibadilike ghafla. Daktari aliponieleza dalili hizo, nilikuwa nasikia kama ananisoma mimi.

Watu wakija kunipa pole nashindwa niiweke wapi, kwa sababu kuishi na Ostaki kuna raha zake.

Anakunja nguo kuliko mashine. Anaamkia kila mtu shikamoo, hadi watoto wa chekechea, nao wanaitikia marahaba kwa uzito wote.

Na hajui kudanganya. Kuna mama alikuja kupiga picha ya pasipoti, akamuuliza kwa mapozi, "Eti kaka, nimetoka vizuri?" Ostaki akaitazama ile picha kwa makini, akamjibu, "Hapana." Mteja tukampoteza, ila hata mimi niliona hakutoka vizuri.

Tatizo letu lilikuwa moja. Akifurahi, anapiga kelele. Kadi ikitoka kwenye mashine ya lamination ikiwa ya moto, kelele. Treni ikipita, kelele. Kelele ndefu, ya kutoka tumboni, kama ya mtu aliyetangazwa ameshinda ubunge.

Majirani walinishauri sana. Mmoja alileta mizizi ya kuchemsha. Mwingine akasema aombewe. Wa tatu alisema achapwe, na wanawe yeye nawafahamu, wamechapwa vizuri tu na bado wanaiba maembe. Mwenye nyumba yeye hakushauri. Alisimama mlangoni akaguna, akaondoka, na mguno ule mimi niliulalia wiki nzima.

Basi nikaingia mtandaoni. Nikampata mama mmoja wa Kizungu ana zulia jeupe na watoto wadogo kibao. Nikajisemea, mtu mwenye zulia jeupe na watoto lazima kuna kitu anakijua.

Akafundisha kadi za sauti. Ya kijani, unanong'ona. Ya njano, unaongea kawaida. Nyekundu ina mdomo uliopigwa msalaba, maana yake kelele marufuku.

Mimi kwa kadi nani ataniweza? Nilizichora, nikazi-laminate, nikazikata kona za mviringo. Seti ya kwanza niliitupa kwa sababu nyekundu ilikuwa imeelekea kwenye pinki. Nikazitia kamba, akazivaa shingoni kama mfanyakazi wa shirika.

Wakuu, ilifanya kazi. Ilifanya kazi kupita kiasi.

Ostaki alianza kunong'ona. Halafu akaona haitoshi yeye kufuata sheria peke yake, akaanza kuisimamia. Muuza samaki mwenye spika alioneshwa kadi nyekundu. Jogoo wa mwenye nyumba alioneshwa kadi nyekundu asubuhi baada ya asubuhi. Mwenye nyumba mwenyewe alipiga chafya akapewa nyekundu, na akaomba radhi.

Mtaa ukatulia. Watu wakawa wananisimamisha njiani, "Skola, hongera, umemfunza." Nikawa natembea kifua mbele. Nilifikiria hata kufungua chaneli, kilichonizuia ni kukosa zulia.

Sasa aingie Bamkubwa.

Bamkubwa ni kaka yake baba, na ndiye msemaji wa ukoo. Msemaji kwelikweli, kwa sababu anaongea na mtu aliyekaa naye mkeka mmoja kama anayemwita ng'ambo ya mto. Yeye anampenda Ostaki kwa namna ambayo watu hupenda kiti chenye mguu mmoja mbovu: hakitupwi, lakini wageni wakija kinapelekwa uani.

Na uani kwake kuna chumba. Nakifahamu. Kina kidirisha cha ukubwa wa sahani.

Kwenye kikao cha familia alisema, "Skola! Wewe ni binti, nani atakuoa na mzigo huu? Shamba la marehemu mama yenu kule Michenga, msimu huu mtaamia wenyewe. Nitakuja kukagua. Nikikuta ndege wamekula, ujue kulea huwezi na kulima huwezi. Mtoto atakuja kwangu."

Kwa wasiojua, kuamia ni kulinda mpunga usiliwe na ndege. Mpunga ukishaanza kujaza punje, vindege vidogo vinashuka kama wingu, na vikitulia sehemu dakika chache mnabaki na majani. Unajenga dungu, kichanja kirefu cha miti, unapanda juu alfajiri na unashinda huko unapiga kelele. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kelele.

Naomba mnielewe. Nilibeba unga, chandarua, dawa ya mbu, sabuni ya aina mbili. Nilipanga kila kitu. Wazo la kwamba kijana niliyemfundisha kunyamaza ninampeleka kwenye kazi ya kupiga kelele halikunijia kabisa, hadi tulipokuwa juu ya dungu na wingu la kwanza linashuka.

"Haya Osta," nikamwambia, "piga kelele!"

Akanitazama kama mtu anayepimwa imani. Akainua kadi ya kijani. Akainamia mpunga, akanong'ona:

"Ondokeni."

Akafikiri kidogo, akaongeza, "Tafadhali."

Na hiyo tafadhali nilimfundisha mimi.

Nikavuta kamba ya makopo. Makopo yakalia, yakapewa kadi nyekundu. Nilipokwenda kuchota maji, nikirudi nikakuta ameyafungua yote na kuyapanga mstari chini ya dungu, madogo mbele, makubwa nyuma. Aibu ninayoikiri hapa ni kwamba kabla ya kukasirika nilisimama nikaufurahia ule mstari.

Basi nikajaribu mimi. Ila mimi ni mtu ambaye hata kuita bodaboda naona haya, nasubiri anione. Nikafungua mdomo, ikatoka, "Jamani..." Kabla sijamaliza, kadi nyekundu iko usoni kwangu. Mkono umenyooka, kama refa.

Shamba la jirani yupo Mama Kulwa, mama wa Kisukuma, yeye na familia yake wamehamia huku na ng'ombe wao miaka kadhaa sasa. Akipiga kelele yule, ndege wa vijiji viwili wanajiuliza. Akatucheka mpaka akakaa chini.

"We dada wa mjini! Hao ndege unawaamia au unawabembeleza walale?"

Jioni ile, pembe ya kwenye mfereji ilikuwa imeshaliwa. Masuke yamesimama wima, matupu. Niliyashika nikaanza kulia, na nikawa nakiona kile kidirisha cha sahani. Ostaki akaja akakaa kando yangu, hakunigusa. Akanionesha kadi ya kijani. Hata kilio changu kilikuwa kinazidi kiwango.

Mama Kulwa aliacha kucheka, akavuka kuja kwetu.

"Hako kakaratasi kanasema nini?"

"Kwamba kelele ni marufuku."

"Hata huku porini?"

Nikaitazama ile kadi. Nilikuwa nimechagua rangi, kona na maandishi. Kwamba kuna mahali mtu anaruhusiwa kupiga kelele, hilo sikuliweka. Niliyekuwa namfikiria wakati nakata zile kona alikuwa mwenye nyumba na mguno wake.

Alfajiri nikatoa kalamu nichore ndege nyuma ya kadi nyekundu. Kalamu ikateleza. Nilii-laminate vizuri mno. Nikachana kipande cha boksi la biskuti, nikachora ndege, nikakibandika nyuma ya kadi kwa ugali wa jana.

Wakuu, ndege yule alikuwa mbaya. Alikuwa birika lenye miguu. Kipande kilikaa upande na ugali ulitokeza pembeni. Vidole viliniwasha nikibandue nianze upya, lakini wingu lilikuwa linakuja.

"Osta, huyu ni ndege. Upande huu, kwa ndege, kelele ruksa."

Akaigeuza kadi. Nyekundu. Akaigeuza tena. Birika.

"Ndege tu?"

"Ndege tu."

Hakupiga. Alikuwa anasubiri kuona kama sheria ni ya kweli. Basi nikasimama juu ya lile dungu, Mama Kulwa na wanawe wote wananiangalia, nikafumba macho, nikapiga yowe ambalo sikujua ninalo. Sauti ilikatika katikati, ikarudi nyembamba kama ya mbuzi. Kadi nyekundu haikuja.

Ndipo Ostaki naye akafungua.

Sijui niieleze vipi. Zilikuwa kelele za treni zote na kadi za moto zote alizokuwa amezimeza tangu masika yaanze. Ndege wakainuka kwetu, wakainuka kwa Mama Kulwa, wakainuka hadi kule mbele kwa watu nisiowajua. Kulwa na Doto wakaruka wakishangilia.

Akanigeukia kuangalia kama nimechukia.

Nilikuwa nalia tena, kwa sababu nilikuwa nimeimiss sauti ile na sikujua.

Kuanzia hapo tukaamia. Mimi sauti ilikauka mapema, nikawa mpishi. Yeye alifuata ratiba yake bila kuchelewa.

Bamkubwa akaja kukagua. Tulimsikia kabla ya pikipiki yake.

"SKOLA! MMELALA HUKO JUU? PEMBE ILE IMELIWA! NAIONA!"

Ostaki akamtazama. Akaitazama kadi upande wa birika. Akamtazama tena Bamkubwa, akahakikisha si ndege. Akaigeuza, akashuka ngazi taratibu, akaenda kusimama mbele yake na nyekundu.

"Nini hiki? SKOLA, HUYU ANA..."

Kadi ikasogea hadi kwenye pua.

Bamkubwa amewahi kunyamazisha mkutano wa kijiji, lakini sijawahi kuona mtu akimnyamazisha yeye. Alinitazama akitafuta huruma. Mimi sauti nilikuwa sina, nikamwonesha kwa mkono: shusha.

Akashusha.

"Anafanya hivi kila siku?" akauliza, kwa kunong'ona.

"Kila siku, Bamkubwa."

Wingu likaja. Ostaki akageuza kadi, akapiga ukelele mmoja pale pale sikioni kwake, mzee akaruka na kofia ikaanguka. Ndege wakaondoka. Ostaki akaiokota kofia, akaikung'uta, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo," akamwambia, kwa sauti ya njano.

"Marahaba," akanong'ona Bamkubwa.

Akalizunguka shamba lote kimya. Mpunga ulikuwa umejaa, ukiacha ile pembe. Akala wali wetu kimya. Akitaka chumvi ananyoosha kidole. Kule ng'ambo Mama Kulwa alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

Wakati wa kuaga alinivuta pembeni.

"Skola," akanong'ona, "yule mtoto... kwangu hapamfai. Mimi na mama yako mkubwa, unatujua, tunaongeaga. Abaki kwako tu."

"Sawa, Bamkubwa."

Akaikamata pikipiki, akaweka mguu aipige kiki. Akageuka nyuma. Ostaki amesimama chini ya dungu, mkono kwenye kamba ya shingoni.

Bamkubwa akaushusha mguu. Akaisukuma ile pikipiki kwa mikono, kwenye tope, hadi barabarani.

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza: kabla hujamkataza mtoto kitu, mwoneshe na pale anaporuhusiwa. Na ukiona sheria ndani ya nyumba imekaa vizuri sana, jiulize uliitunga kwa ajili ya nani.

Tumesharudi Lipangalala. Jogoo bado anapewa nyekundu, ila treni nimeiombea ruksa, nayo ina kipande chake cha boksi. Ile kadi ya birika sijaitengeneza upya. Mpya nilishai-print, nzuri kabisa, iko kwenye droo. Ameikataa, anasema yule siyo ndege.

Mnaolea vijana wa aina hii, tupeni na nyie raha zenu tucheke pamoja. Wenye mizizi ya kuchemsha, nimeipokea kwa moyo, msiandike. Na wote mchangie kwa sauti ya njano, mwenye kadi anasoma begani kwangu.

EDIT: nimerekebisha nukta mbili tatu. Maudhui ni yaleyale.