Shingo Yangu Haikuguswa

Admin, nifichie jina, maana ninaowasema humu wote wanasoma page hii.

Mimi ni mama wa miaka 41, Mtanzania, nimeolewa na Mkongo wa Lubumbashi. Tunaishi Evere, hapa Brussels, na watoto wetu watatu. Nafanya usafi maofisini. Kifaransa changu ni cha dukani na cha kazini, karatasi ndefu sizielewi. Tangu nijifungue binti yangu wa mwisho nasumbuliwa na kipandauso. Wenye nacho mnanielewa: jicho linaanza kuona vimulimuli, halafu upande mmoja wa kichwa unagonga, natapika, nafunga mapazia na kujifunga kanga yenye maji kichwani. Mume wangu akanipachika jina, "Madame Kichwa". Anasema naumwa siku za kazi tu na siku wageni wa kwao wakija. Jamani, siku ya komunyo ya mwanangu mwenyewe nililala chumbani huku watu wanakula na kucheza. Nayo nilijisingizia?

Mwaka jana rafiki yangu, nimwite Mama Naomi, akasikia kuna kliniki inatafuta wagonjwa wa kipandauso ili wapime kama kunyoosha shingo kunasaidia. Mama Naomi ametoka mji mmoja na mume wangu, na ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii. Nilimwomba mume anisindikize anitafsirie, akasema hana muda wa kwenda kusikiliza hadithi za kichwa. Basi nikaenda na Mama Naomi. Karatasi ilikuwa na kurasa kadhaa, yeye akanisomea kwa dakika mbili, akanionyesha pa kusaini. Nikasaini.

Mtaalamu wa pale kliniki, mzungu mmoja, alinilaza kifudifudi, akawa ananibonyeza bega na pembeni ya mgongo. Nikashangaa, mbona shingo haigusi? Mama Naomi akanijibu kwamba mishipa ya shingo inaanzia begani. Mimi ni nani nibishe? Na nikapona! Miezi mitatu sikufunga mapazia. Nilikaanga vitunguu bila kichefuchefu, kazini sikukosa hata siku moja. Nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda, na Mama Naomi kakaa benchi la mbele ananipigia makofi.

Siku ya mwisho ya kwenda kliniki Mama Naomi alikuwa safarini, kliniki wakatafuta mkalimani wa kwenye simu, kaka mmoja Mkenya. Akaniambia wagonjwa waligawanywa: wengine walinyooshwa shingo kweli, wengine walishikwashikwa tu ili walinganishwe, na mimi nilikuwa wa kushikwashikwa. Nikamwambia, kaka, hujaelewa Kifaransa, hebu muulize tena. Akauliza tena.

"Pole dada, ndivyo anavyosema," akaniambia. "Na habari ya kugawanywa iliandikwa kwenye karatasi uliyosaini."

Wakasema sasa nikitaka naweza kupata tiba yenyewe. Nikachukua koti langu nikatoka.

Mama Naomi aliporudi nilimfuata kwake. Hakukana hata kidogo.

"Bon, nilisoma kwenye karatasi, na alipokushika bega tu nikajua," akasema. "Ningekuambia, ungepona? Na bwana yako nilimweleza, ndiye alisema nisikuambie. Alisema, tuone kama ile kichwa iko ya kweli."

Tuone! Wale wa kliniki niliwasainia mwenyewe wanipime. Hawa wawili walinipima bila kuniuliza, wanakula chakula changu, wanasikiliza ushuhuda wangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nilipomuuliza mume, hata sauti hakupandisha.

"Muntu anakushika bega tu, unapona," akasema. "Alors, ugonjwa ulikuwa wapi?"

Nilikosa jibu. Nimelia sana, lakini kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba nilikosa jibu.

Kichwa kilirudi wiki ileile, tena kwa hasira. Nikifunga mapazia, mume anakuja kuyafungua, anasema nimpigie yule mzungu anishike bega. Amewaambia mpaka ndugu zake. Mama Naomi naye kila siku ananitumia ujumbe wa kuomba msamaha, na kila ujumbe ananikumbusha kwamba ile miezi mitatu ni yeye aliyenipa. Nataka kumchukia, halafu naikumbuka ile miezi.

Kliniki wamepiga simu, nafasi yangu ya kunyooshwa shingo ipo. Nikipona, mume atasema ni mawazo tena. Nisipopona, atasema nang'ang'ania kuumwa tu ili nimshinde.

Ndugu zangu, hasa ninyi mnaokijua kichwa hiki, niende au niache? Na hawa wawili niishi nao vipi? Mwenzenu nimefika mahali kikianza kugonga, kabla sijatafuta hata dawa, najiuliza kwanza kama nasema kweli. Naomba mnishauri, nisaidieni.