Mtoto Niliyemwita Mlafi

Binti yangu alikuwa na miaka tisa nilipomwinua kwenye sinia mbele za watu. Tulikuwa Mwananyamala kwa dada yangu, kwenye arobaini ya kuzaliwa mjukuu wake. Watoto walikaa wanne wanne kulizunguka pilau, na wale watatu wa sinia lake wakaanza kulalamika kwamba anawamalizia. Mgeni mmoja akaniambia, "Sista, muite mwanao, wenzie hata hawajala." Mdomo wangu hauna breki. Nikamvuta mkono: "Inuka, mlafi we!" Wanawake wakacheka, nami nikacheka nao.

Nilijiona namlea. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nyumbani Chanika kabati la chakula nilishalifunga kwa kufuli, na soda nilishazipiga marufuku, ingawa miaka yote ya nyuma mnunuzi wa hizo soda alikuwa mie mwenyewe. Mtoto mnene alinipa sifa mtaani. Tena alikuwa mrefu kuliko darasa zima, tukasema amemfuata baba yake.

Kilichotupeleka hospitali ni shingo. Ilikuwa imeota weusi nyuma, nami nikaisugua kwa dodoki mpaka akalia, nikidhani ni uchafu. Daktari, msichana mdogo tu, aliitazama akasema hiyo ni dalili kwamba insulini imezidi mwilini, na kwamba insulini hiyo hiyo huhimiza mafuta yajilimbikize na mtoto arefuke haraka kuliko umri wake. Kisha akaniambia kwamba mafuta yenyewe hutoa homoni ya kuuarifu ubongo kuwa chakula kimetosha. Kwa binti yangu homoni hiyo ilikuwa tele, ila ubongo ulishaizoea, hauisikii tena.

"Mama, huyu anakula kwa sababu ana njaa," alisema. "Njaa ya kweli."

Niliona aibu, na kwetu mzazi kumwomba mtoto radhi si jambo la kila siku. Sikujua hata pa kuanzia. Jioni alimaliza sahani yake, akanawa, akasema kama kawaida yake, "Alhamdulillahi, nimeshiba." Nikamuuliza kama ni kweli. Akautazama kwanza uso wangu, aone kama nimekasirika.

"Mama, mie sijawahi kushiba," alisema. "Nasemaga tu, ili usiniite lile jina."