Bunduki za Padre Fintan

Kila Alhamisi, kwa miaka kumi na moja, huko ughaibuni, Damian alipanda treni kutoka kitongoji cha Tumba hadi Spånga kwenda kumhudumia Padre Fintan. Alimpikia, akamkata kucha, akambebea nguo chafu kwenda kuzifua. Hakutaka malipo, maana kazi yake ya ufundi wa mabasi ilimtosha. Alitaka kitu kimoja tu, nacho hakumwambia mtu: yule mzee wa Kiayalandi, aliyekaa Ngara miaka mingi na kuongea Kiswahili kama mzaliwa, asiwe na mtu wa karibu kumzidi yeye.

Ndipo akatokea Mukasa, dereva wa teksi, Mganda aliyepigana msituni enzi za ujana wake. Alimtembelea padre mara mbili. Mbili tu, jamani! Mara ya tatu alimkuta Damian, wakatoka pamoja, na kituoni Mukasa akamsimulia jinsi padre, angali kijana, alivyowafichia bunduki wapigania uhuru wa kwao Ayalandi chini ya altare. Moja ikaua mtu, na askofu akamfungisha virago kwenda Afrika.

"Nilidhani wewe umeshajua zamani," alisema Mukasa.

Damian akajibu kwamba alijua. Uongo mtupu. Njia nzima hadi Tumba roho ilimuuma. Hizo bunduki wala hazikumshtua. Kilichomchoma ni kijicho: mtu asiyejua hata mzee anakunywa chai ya namna gani ndiye aliyepewa siri, na yeye akaachiwa soksi.

Alhamisi iliyofuata aliingia, akapiga goti kupokea baraka kama alivyolelewa, na hapohapo sakafuni uvumilivu ukamwishia.

"Baba, kwa nini umemwambia Mukasa na si mimi?"

Mzee akamjibu:

"Mukasa alikaa kitini akanieleza aliwaua wangapi. Wewe kila ukija unapiga goti. Mtu anayepigiwa goti aanze vipi kusema habari kama zile?"

Damian akainuka kwa tabu, akavuta kiti. Alijipekua rohoni atafute jambo zito la kulinganisha na maiti za Mukasa, akakuta moja tu, tena la aibu.

"Nina wivu, Baba," akasema. "Nimeomba Mukasa asirudi tena hapa. Nimeomba kanisani."

Padre Fintan akamsogezea kikombe.

"Hilo," akasema, "ndilo jambo lako la kwanza kuniambia."