Eda ya Mgodini

Watu wakiniuliza Maskati ya zamani ilikuwaje, hutaka niwasimulie habari za malango yaliyofungwa usiku na mtu kulazimika kutembea na fanusi mkononi. Huwaambia waende wakawaulize wengine. Miaka yangu mingi ya mwanzo katika nchi hii sikuikaa Maskati. Niliikaa ufukoni, kwenye ghuba moja ndogo upande wa pili wa kijiji cha Qantab, mahali ambapo hapakuwa na lango la kufunga, na leo ukenda huoni kitu ila mawe na vipande vya mabati vilivyoliwa na chumvi.

Tulifika kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne, mimi, mume wangu na mama yake, yaani mavyaa wangu. Ndoa yetu ilikuwa bado mbichi. Tuliyoyakimbia kule sitaki kuyazungumza hapa. Jamaa zetu wa Maskati walitupokea kwa makaribisho mengi ya mdomoni na chumba kimoja kisicho dirisha. Mume wangu alikuwa karani wa bandarini kwetu, anaandika Kiingereza kizuri, lakini Maskati ya siku zile haikuwa na haja ya makarani, na Kiarabu chake kiliwachekesha watu. Alizunguka akitafuta kazi mpaka akachoka kuona haya. Kisha wakaja wazungu wa kampuni moja wakisema kuna shaba katika milima ya pwani, nao wanataka mtu wa kuwafasiria na kutunza ghala. Akaikubali kazi hiyo kabla hajaulizia mahali penyewe pako wapi.

Mahali penyewe kwa miguu hapakufikika ila na mbuzi. Milima ilishuka moja kwa moja mpaka baharini, na njia ilikuwa mashua ya kampuni iliyoleta mchele, maji, baruti na barua. Tulipoingia palikuwa na mahema ya wazungu na shimo moja ubavuni mwa mlima. Nikamwambia mume wangu, "Umenitoa chumbani ukanileta jehanamu." Akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na mimi ni mtu wa kukasirika, na ndoa yetu ilikwenda vizuri kwa sababu hiyo.

Lakini pakakua. Wachimbaji walikuja Mabaluchi na Waarabu wa bara, wakaleta wake zao. Zikaja na familia nyingine za Unguja zilizokuwa zimekwama kama sisi. Zikasimama nyumba za makuti ya mtende, kisha za mabati, ukasimama msikiti, na Banyani mmoja akafungua duka. Mavyaa wangu alipanda mchicha kwenye madebe ya mafuta na kuumwagilia maji tuliyooshea vyombo. Ijumaa tulipika mkate wa kumimina, watoto wa Kibaluchi wakajifunza kutuamkia "shikamoo" ili wapewe kipande. Mawe ya kijani yalipoanza kutoka shimoni, wazungu walichinja mbuzi wakatulisha wote. Siku hiyo nilianza kusema "kwetu" nikimaanisha pale. Nakumbuka kwa sababu mume wangu alinikamata neno lile na kunitania nalo wiki nzima.

Mvua ya Oman huja mara chache, na ikija huja kwa ubaya. Ilinyesha majira ya baridi, siku mbili bila kukata, maji yakashuka kutoka mlimani na kuingia shimoni. Mume wangu alitumwa akawaambie wachimbaji watoke. Walitoka. Dari ya shimo ikaanguka nyuma yao, yeye akiwa ndani.

Kila mara nasikia watu wakisema ilikuwa siku yake. Sawa, ilikuwa siku yake, sibishani na Mungu. Lakini mwaka wa sabini alipoingia sultani mpya mambo ya nchi yalibadilika, na waliofanana naye kwa kila hali waliitwa wakapewa meza, kalamu na gari. Ninapowaona wazee hao leo wamekaa barazani na fimbo zao nzuri, moyo hunichoma, wala sitaficha.

Baada ya siku kadhaa za kuchimba bila kusikia sauti yoyote, imamu wa msikiti wetu alisema hakuna mtu anayeweza kuwa hai mle, na kwamba niingie eda. Mavyaa alikubali kwamba mwanawe amekufa. Alichokikataa ni kusaliwa bila mwili kuwepo.

"Mwanangu hasaliwi kwa kukisiwa," alimwambia imamu. "Atatolewa, ataoshwa, atavikwa sanda, ndipo mtamsalia yupo mbele yenu."

Na mimi nilitaka hilohilo. Sikutaka kitu kingine duniani. Nilitaka atoke mle, alazwe ubavuni kwa kuelekea kibla, penye mchanga, niweze kuonyesha kwa kidole na kusema yupo hapa. Kampuni ikatuahidi kwamba itaendelea kuchimba mpaka imfikie.

Basi nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, katika nyumba ya bati, ndani ya uzio wa makuti, nisivuke kizingiti na nisionekane na mwanamume. Sheria ya dini ina huruma kuliko wanawake wanaoisimamia, lakini kwa wanawake wetu ndivyo ilivyokuwa, na mimi sikutaka iwe vingine. Mchana kutwa nilisikiliza. Nilisikia mashine ya kuvuta maji, nyundo, na toroli likimwaga mawe. Kila sauti niliipigia hesabu kwamba inamsogelea. Mavyaa alikwenda kila asubuhi kuwapikia wachimbaji ili wasilegee, akirudi ananiambia, "Wanakwenda vizuri." Nilimwamini. Nani angemdhania mwanamke yule uongo, naye alikuwa akitubu hata kwa kuonja mchuzi wa jirani bila ruhusa?

Ukweli niliujua baadaye na nitausema sasa, maana sipendi kumzungusha mtu. Shaba ilikuwa haba. Wazungu waliijua habari hiyo hata kabla ya mvua. Mimi nikiwa katikati ya eda, kampuni iliamua kufunga. Mashine ilipozimika niliuliza, nikaambiwa maji yamekwisha kuvutwa; niliposikia mabati yakibanduliwa, nikaambiwa yanapelekwa shimoni kuzuia mawe. Kisha wakaanza kuja wanawake kuniaga, mmojammoja. Joto lilikuwa limeingia, na desturi ya watu wa hapa ni kuhamia mashambani wakati wa tende mpaka joto lipungue. Wakaniambia wanakwenda kula tende. Ila kila mmoja alinishika mikono na kuniambia, "Tusameheane, dada." Mmoja akalia. Nikasema moyoni, tende gani hizo za kuliliwa? Nikaona labda wananihurumia ujane.

Usiku mmoja nilimsikia msimamizi, Mwarabu mtu mzima, akizungumza na mavyaa nje ya uzio kwa sauti ya chini. Kumbe alikuwa akimwambia kwamba mzungu ametoa amri asibaki mtu. Mavyaa akamjibu kwamba mke wa eda hatolewi nyumbani. Msimamizi alikuwa Mwislamu na alikuwa na mama. Aliwaachia wazungu wafikiri tumepanda mashua, akatuachia magunia ya mchele, akawaomba wavuvi wa Qantab watuletee maji.

Kabla ya kuondoka kampuni iliuziba mdomo wa shimo kwa baruti. Nyumba ilitikisika, vikombe vikaanguka. Nilipiga kelele kumwita mavyaa. Aliingia, rangi imemtoka.

"Kuna nini, mama?"

"Wamepata njia," akasema.

Nilianguka pale pale sakafuni nikasujudu sijida ya kushukuru. Nililia kwa furaha. Nilimwomba Mungu mume wangu asiwe ameharibika sana, niweze kumtambua. Mavyaa alisimama mlangoni akinitazama mpaka nikanyanyua uso, kisha akatoka. Kesho yake nikasikia nyundo tena, moja tu, ya taratibu, yenye kupumzikapumzika. Nikamlaumu mchimbaji kwa uvivu.

Eda ikaisha. Kwetu siku hiyo wanawake hujaa nyumbani, mjane akaogeshwa, akafukizwa udi, akavikwa nguo nyingine. Nilingoja wanawake. Alikuja mavyaa peke yake na ndoo ya maji.

"Watu wako wapi?"

"Washakwenda zao."

"Bado wanakula tende?"

Akanimwagia maji. Aliniogesha kichwa, mgongo na miguu, na viganja vyake vilinikwaruza. Alipomaliza alifungua mlango wa uzio akakaa kando ili nipite.

Nilitoka kwenye jua nikiwa sioni vizuri. Kwanza niliona nyumba hazina paa. Kisha nikaona hazina hata milango. Msikitini hata mikeka imechukuliwa. Nilikwenda mbio hadi shimoni, na shimo halikuwepo. Palikuwa na rundo la mawe makubwa kutoka chini hadi juu, mengine ukubwa wa chumba. Upande mmoja wa rundo palikuwa na kishimo ambacho mtu angeweza kuingiza mwili wake mpaka kiunoni, na mtaimbo umelazwa hapo, na kitambaa chenye damu kimefungwa mahali pa kushikia. Kitambaa nilikijua. Kilikuwa kipande cha kanga ya mavyaa.

Alikuwa amenifuata polepole. Nikamgeukia, na Mungu anisamehe kwa sauti niliyomtolea mwanamke wa umri ule.

"Ulinambia wamepata njia! Nimesujudu! Nimeshukuru wakimfukia mume wangu, na wewe umesimama unanitazama!"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukunambia? Ningekwenda kwa yule mzungu, ningemshika miguu, ningelala mbele ya baruti yao!"

"Najua. Ndo maana sikukwambia." Alikuwa amekaa juu ya jiwe, anahema. "Ungetoka. Wangekutia mashuani kwa nguvu, na mwanangu wangemfukia vilevile. Yeye hakuoshwa, bibi. Hana sanda, hana kaburi, hakusaliwa. Kila haki ya maiti kanyimwa. Imembakia moja, eda yako. Nnakuuliza, na hiyo nimnyang'anye?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na mengine ninayo hadi leo. Nilichukua mtaimbo nikapiga jiwe, nikapiga tena, mpaka nikaona lile alilokwisha kuliona yeye, kwamba tungeweza kupiga pale sisi wawili mpaka tukafa na tusiondoe hata jiwe moja lenye maana. Nikauweka chini.

Wavuvi wa Qantab walikuja na maji kabla ya adhuhuri, ndugu wawili. Mavyaa akanyanyuka akawaendea ufukoni. Kiarabu chake kilikuwa kibaya kuliko cha mwanawe, lakini walimwelewa.

"Nataka mumsalie mwanangu."

"Maiti yuko wapi, mama?"

Aliwaonyesha mlima. Hawakuuliza la pili. Walitawadha baharini wakaja wakasimama mbele ya mawe, mmoja mbele na mwingine nyuma yake, na mavyaa akatoa ndani ya nguo zake bafta nyeupe ya sanda, mpya, imekunjwa. Aliikunjua akaitandaza juu ya mawe, urefu wa mtu, akaikandamiza pembeni kwa vijiwe ili upepo usiichukue. Ndipo akarudi nyuma akasimama karibu yangu.

Walipotoa salamu hakuiokota ile bafta. Alinishika mkono kunivusha mawe mpaka kwenye mashua ya wavuvi, ituchukue Qantab, akanivuta mtandio mpaka chini ya macho na kuniambia nijifunike vizuri, kuna wanaume mashuani.