Zawadi za Kabla ya Mchezo

Nakumbuka Jumamosi moja ya Desemba, saa kumi na dakika ishirini jioni, simu ya mezani ilipolia katika flati yetu ya Wembley, Landani. Mama, yaani bibi yako, alikuwa anakanda unga wa chapati, akaniashiria kwa kidevu niipokee. Alikuwa kaka yangu Hamisi, anapiga kutoka Marekani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye ishirini na mbili. Nimeitaja saa kwa sababu hapo ndipo mambo yalipoanza, ingawa kwa miaka mingi niliamini yalianza baadaye, uwanjani.

Mwanangu Jabiri, nakuandikia kwa Kiswahili. Najua utanijibu kwa Kiingereza, na si kosa lako, ulizaliwa hapa. Lakini Kiswahili unakisoma polepole, na jambo hili nataka ulisome polepole.

Baba yako mkubwa Hamisi ulimjua akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Hukumjua akiwa amesimama. Enzi hizo mlango wa flati ile alikuwa anaupita kwa ubavu. Shuleni walimtia kwenye raga, na kutoka huko akaingia klabu ya vijana waliokuwa wakicheza mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki, kwenye kiwanja cha matope. Kocha mmoja mgeni akamwona, akaandika barua, na Hamisi akapata chuo cha kumsomesha bure. Mama alikuwa anahudumia wazee majumbani mwao, kazi ya kuwainua, kuwaogesha na kuwalaza. Mgongo wake ulikuwa umekwisha. Mtoto anayesoma bila kumdai ada ndiye aliyekuwa pumziko lake.

Utaratibu wa zile zawadi wewe unaujua, lakini nauandika kwa ajili ya wadogo zako watakaoisoma barua hii baada yako. Msimu wa vyuo ukiisha, timu zilizofanya vizuri hualikwa kwenye mchezo mmoja wa mwisho wakati wa sikukuu, katika mji wa mbali, na hoteli nzuri. Wachezaji ni wanafunzi, na enzi za Hamisi hawakuruhusiwa kulipwa hata senti. Waandaaji wa mchezo, hata hivyo, waliruhusiwa kuwapa zawadi za thamani iliyowekewa kikomo. Wengine walipanga vitu kwenye chumba kama duka. Mchezaji anaingia na pointi alizopewa kama pesa za kununulia, anachagua saa, hedifoni, baiskeli, televisheni au kochi. Kitu kikubwa anaandika anuani, kitatumwa. Zawadi hizo hutolewa kabla ya mchezo, na kwenye timu ya Hamisi alipewa yule tu aliyesafiri na wenzake. Aliyebaki chuoni hakupata kitu.

Basi Hamisi akatusalimu, akauliza mgongo wa Mama. Mimi, kwa kuwa mwaka uliotangulia alikuwa amepata hedifoni, nikamuuliza safari hii wanagawa nini. Alisita kidogo, kisha akaanza kusoma orodha. Nikabonyeza spika ili wote wasikie. Mjomba Shabani, kaka yake Mama, alikuwa amepitia kwetu akitokea uwanjani, kwani siku za mechi alikuwa akifanya kazi ya kuelekeza watu kwenye viti. Na Shangazi Tatu, dada wa marehemu babu yako, alikuwa amekuja kutoka Rayners Lane kama kila Jumamosi.

"Hilo kochi linalala lenyewe?" Mama akauliza.

"Unabonyeza kitufe, Mama. Linakulaza kama waziri kwenye ndege."

"Basi nichukulie hilo."

Mjomba Shabani akasema mjomba ana haki zake, hivyo televisheni ije kwake. Mama akamjibu kwamba haki ya mjomba ni kumtumia mpwa wake nauli, aanzie hapo. Hamisi akaeleza kwamba pointi hazitoshi vyote viwili, wakaanza kubishana kwa mzaha, mimi nikaingiza ombi langu la saa ya mkononi. Mwanangu, sijapata kuiona flati ile ikiwa na furaha kama siku hiyo. Mama alikuwa anacheka hadi unga unamwagika.

Shangazi Tatu peke yake ndiye hakucheka. Aliisogelea simu.

"Hamisi, mbona sauti yako imepoa? Unaumwa?"

"Hapana, Shangazi. Uchovu wa mazoezi."

"Uchovu huo uko wapi?"

"Shingoni kidogo. Na mkono."

Mjomba Shabani akadakia kwamba shingo ya dume lile ikiuma, tuwaonee huruma hao waliogongana nayo. Hamisi mwenyewe akacheka. Akasema wanamwita mazoezini, akatuaga.

Simu ilipokatika, Shangazi akatugeukia. "Mtoto hajacheza," akasema, "nyinyi mmeshalikalia kochi. Nani kati yenu amemuuliza kama anataka kwenda?"

Mama aliumia, nikamwona usoni. Mjomba akasema, "Dada Tatu, usione wivu, na wewe utaletewa kofia." Shangazi aliinuka. Alivaa koti lake, chapati hazijaiva, akaenda kupanda treni. Baada ya kuondoka tulimsema. Tukamwona ni mtu asiyependa kuona wenzake wanafurahi. Na kabla ya ule mchezo hakuna aliyempigia Hamisi kumuuliza lile swali, mimi nikiwa mmojawapo.

Uwanjani Hamisi alimkaba mtu kwa bega, kichwa kikiwa kimeinama. Aliyekabwa akainuka. Hamisi hakuinuka. Wenzake walidhani ameishiwa pumzi, mmoja akampa mkono amvute, na mkono wa Hamisi haukuja.

Mama alisafiri kesho yake. Chuo kilimhudumia, sitasema uongo. Hospitali nzuri, madaktari wenye subira. Hamisi aliporudi kwetu aliweza kuinua mikono hadi kifuani, na vidole havikufunga. Mama, aliyekuwa ameinua wazee wa watu miaka yote ile, sasa alikuwa akirudi nyumbani kumwinua mwanawe. Nikaacha chuo nikamsaidia. Niliyoyasoma tangu hapo nimeyasoma kando ya kitanda chake.

Kochi lilifika mwezi wa tatu, kama walivyoahidi. Watu wawili walilipandisha ngazi wakaliacha ukumbini likiwa na nailoni yake, na kwa wiki kadhaa tulilipita kwa ubavu bila kulitaja. Hamisi ndiye aliyetaka lifunguliwe. "Mama, kaa basi," akasema, "nilikuletea wewe." Mama akakaa ukingoni, magoti yakiwa pamoja, kama mgeni kwenye nyumba ya watu asiowazoea. Hakubonyeza kitufe. Baada ya muda mfupi akainuka, akasema chakula kinaungua. Jikoni hapakuwa na chakula.

Wewe ulikuwa bado mdogo siku niliyomuuliza Hamisi kuhusu ile simu. Nilikuwa namnyoa ndevu. Kwa nini nilimuuliza siku hiyo sijui, labda kwa sababu alikuwa hawezi kunigeuzia kisogo.

"Siku ile nilipiga kuwaambia siendi," akasema. "Mkono ulikuwa unawaka moto mpaka vidoleni, kisha unakufa ganzi. Kocha aliniambia niamue mwenyewe. Nilikuwa nimeshaamua."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikuwa mmefurahi."

Nikaacha kumnyoa. Akaniambia niendelee, povu linakauka. Kisha akasema nisijibebeshe mzigo, hakuna aliyemlazimisha. Lakini alikuwa hajamsikia Mama akicheka namna ile tangu Baba afariki, na hakupata neno la kuukatiza ule mcheko. Akajiambia atasema akifika huko. Huko nako wakaingizwa kwenye kile chumba, kila mtu akitoka na mfuko, na yeye akatoka na saa mkononi. "Ukishavaa saa ya watu," akasema, "unaona haya kuwaambia kesho huingii uwanjani."

Hayo ndiyo sikuwahi kukuambia. Ulipoanza kucheza mpira huohuo nilitaka kukukataza, na wewe uliona jinsi nilivyonuna. Aliyenizuia ni yeye. Aliniita chumbani, akasema, "Mwache. Mchezo haukunionea. Nilicheza siku ambayo sikutakiwa kucheza." Ndiyo maana jioni zile alikuwa pembeni ya uwanja amefunikwa blanketi, akikupigia kelele uinue kichwa. Ulidhani ni ukali. Tumemzika mwaka juzi, na kelele zile nadhani ungali unazisikia.

Alhamisi iliyopita uliweka picha ya orodha yako ya zawadi, kutoka chuoni kwako huko Marekani, kwenye kundi la familia. Ndani ya saa moja mama yako alikuwa ameomba televisheni ya ukumbini, na Mwajuma, binamu yangu aliyeko Tanga, ameomba hedifoni, na mwingine ameweka vikatuni vya kucheka. Niliisoma mistari ile nimesimama jikoni, nikaona ile Jumamosi ya chapati imerudi, kwa sababu usiku wa Jumatano ulimwambia dada yako Rehema kwamba mkono wako wa kushoto unawaka moto ukigongwa, kwamba daktari wa timu hujamwambia, na kwamba unafikiria kutokwenda. Usimkasirikie Rehema. Alikuja kuniambia Alhamisi asubuhi huku analia, na ni yeye pekee katika nyumba hii aliyefanya kama Shangazi Tatu.

Nimezungumza nao wote, mmoja mmoja. Mama yako ameelewa kabla sijamaliza, maana alimhudumia Hamisi kwa mikono yake. Mwajuma alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Kwa hiyo hata hedifoni?" Nikamwambia hata hedifoni, Mwajuma. Akasema kweli, alikuwa anatania tu. Nadhani na sisi siku ile tulikuwa tunatania tu. Kwa hiyo sasa hakuna mtu Landani wala Tanga anayekungoja ufike na kitu. Ombi lolote utakaloliona kwenye simu yako, lihesabu limefutwa.

Sasa ushauri wangu ni huu, mwanangu, na nausema waziwazi ili usiutafute katikati ya maneno. Mwambie daktari kuhusu mkono wako leo, kabla ya mazoezi, na umwambie yote, ganzi na moto na tangu lini. Akikukataza, umekatazwa. Akikuruhusu, jiulize mwenyewe ukiwa peke yako, mbali na kocha na mbali na sisi, kama ungeingia uwanjani iwapo kile chumba kingekuwa kitupu. Jibu litakalokuja ndilo jibu. Siku hizi wenzako wengi hujitoa kwenye michezo hii ili waitunze miili yao, na hakuna anayewaita waoga kama walivyoitwa zamani. Na kama umeshapokea mfuko wao, huo si deni. Hukuomba, na hujaandika mahali popote kwamba utalipa kwa shingo. Unaweza kuurudisha, unaweza kukaa nao, na bado ukasema siingii.

Nakuomba pia ujifunze jambo ambalo Hamisi hakulijua na sisi hatukumfundisha. Watu wako wakiwa wanacheka, bado unaruhusiwa kusema neno litakalowanyamazisha. Tutanyamaza, ndiyo. Labda mama yako atasikitika kwa siku moja. Huzuni ya siku moja tunaiweza. Ile nyingine tuliibeba hadi ikamfuata Mama kaburini, na bado ikabaki ya kunitosha mimi. Usitulinde sisi kwa kujiumiza wewe. Ukituficha maumivu ili tufurahi, unatupa furaha ambayo siku moja tutaulizwa tuliipata wapi.

Mungu akulindie shingo yako na mikono yako, akupe ulimi usioogopa hata mbele yangu, akupe uzee wa kutembea kwa miguu yako mwenyewe. Akuweke nasi, na alale pema yule aliyekufundisha kuinua kichwa.

Nimekukatia tiketi ya kurudi nyumbani, ya siku ileile ambayo timu yenu inasafiri. Nimeikata kabla hujaamua ili usije kunipigia simu ukaanza kuniuliza nauli. Kampuni imesema hairudishi pesa. Ukija, nitakuwa kwenye mlango wa kutokea abiria. Daktari akikuruhusu na wewe mwenyewe ukaamua kucheza, nitakaa mbele ya televisheni nikuombee, na tiketi iende zake. Hakuna atakayekuuliza habari zake, si leo wala siku nyingine. Zitakuwa zimepotea pauni mia sita themanini na tano.