Sikio la Mama Wema

Wanaume wa duara letu, shimo la dhahabu pale Mwakitolyo, walikuwa na mashine, leseni na maneno mengi, lakini mtu aliyejua kinachoendelea chini ya ardhi alikuwa Rhoda, Mama Wema. Alikaa mdomoni mwa duara, sikio kwenye bomba la chuma la kuvutia maji. Wachimbaji waligonga bomba hilo kwa nyundo: moja, vuta ndoo; mbili, simamisha; tatu, tuna shida. Ukiita kwa mdomo kutoka futi mia mbili, sauti inafia njiani. Nyundo kwenye chuma inafika hapo hapo, hujapepesa jicho. Miaka sita hakukosea, na kuringa alijua, mama yule.

Machi hii kifusi kilishuka saa nne asubuhi. Wote walitoka, isipokuwa Amosi, mumewe. Chini kulikuwa na njia mbili, ya mashariki na ya magharibi, na zote zilifukiwa. Hatukujua alikuwa katika ipi.

Bomba likagongwa. Tatu. Tena tatu.

"Yuko hai!" Rhoda akapiga kelele.

"Njia ipi, mayu?" akauliza Donatus, msimamizi wetu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Rhoda akasikiliza tena. Ya magharibi ilikuwa mbali, hatua sitini zaidi. Alidhani mlio wa kutoka huko ungefika dhaifu. Huu ulikuwa mkali, kama mtu anayebisha hodi mlangoni kwako.

"Mashariki," akasema. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, na ninajilaani hadi leo.

Tulichimba siku mbili kwa zamu. Kila tulipopumzika Rhoda aligonga, na Amosi akajibu. Siku ya pili mchana hakujibu. Jioni yake tukatoboa njia ya mashariki, tukaikuta tupu.

Tulimkuta magharibi, ameegemea bomba, nyundo mkononi, amekufa.

Mkaguzi wa migodi alitueleza baadaye: bomba ni moja, linapita njia zote mbili, na sauti ndani ya chuma hukimbia karibu mara kumi na tano zaidi kuliko hewani, wala haichoki upesi. Hatua kumi au sabini, sikio halitambui tofauti. Bomba lenyewe tuliliunga kwa mikono yetu! Sijui hasira yangu nimpelekee nani.

Msibani kila mtu alimfariji Rhoda kwamba bomba lilimdanganya. Akatikisa kichwa.

"Halikudanganya," alisema. "Amosi alisema yuko hai, na alikuwa hai. Yuko wapi, nilisema mimi."