Unga wa Vidonge

Sitakuficha: bwana yangu alibakia kidogo tu akatwe muguu, na kosa lilikuwa langu. Alitoka Kamituga na kidonda. Jiwe lilimuangukia mu shimo la zahabu. Nikafanya vile maman yangu alitufanyiaka sisi wote: nikanunua vidonge vya antibiotike, vile vya rangi mbili, nikavifungua, nikamwaga unga juu ya kidonda mpaka kikafunga. Majirani wa mutaa wetu wa Nguba walikuja kuangalia wakasema, "Maman, weye uko docteur!" Nikajisifu.

Siku ya nne akatetemeka na homa. Tukamukimbiza hospitali. Muuguzi, maman mumoja wa miwani, akabandua kile kigaga, usaha ukamwagika. Yesu wangu! 

"Nani alitia unga hapa?"

"Ni mimi."

"Maman, hii dawa inamezwa, inapita mu damu. Umefunga tu mulango, mwizi akabakia ndani. Kama sindano hazitashinda mpaka kesho kutwa, docteur atakata."



Wakamutia sindano za penisilini. Nikauliza yule muuguzi ni nani alivumbua hiyo dawa.

"Mutu wa Uskoti, kule juu ya Uingereza, mutoto wa mulimaji. Hata sindano hii, muganga wa kwao ni kati ya wale walianza kuitumia. Huyu wa penisilini aliacha visahani vyake vya kufugia vijidudu vya magonjwa bila kuosha, akaenda kupumzika. Kurudia, anakuta ukungu umemea, na pembeni yake vijidudu vimekufa."

"Ukungu? Ule wa mukate?"

"Ndugu yake."

Aka! Nilizani ananicheka. Ukungu ninautupaka kila juma, na watoto ninawagombeza juu yake. Na muzungu muzima kuacha vyombo vichafu! Mu nyumba yangu angelala njaa. Kumbe uchafu wake ndio ulikuwa unapigania muguu wa bwana yangu.

Siku ya tatu ya sindano, asubui, homa ikashuka. Docteur akagusa muguu, akasema unabakia. Nililia mbele ya watu wote, bila haya.

Magaribi maman yangu akafika na sahani ya sombe, yale majani ya muhogo. Nikamuelezea yote na furaha: unga, usaha, mutu wa Uskoti. Akaweka sahani chini polepole. Mudogo wangu alikufa na kidonda cha muguu, mimi bado sijaanza masomo, na tulisemaka ni jirani alimuloga.

"Yule mutoto," maman akasema, "nilimufunguliaka vidonge tatu kila asubui."